Mkono Nyuma ya Shingo

Msimu ule timu yetu ilishinda mechi tano mfululizo, na mimi nilizilala zote tano. Sitanii. Nililala kando ya uwanja juu ya mkeka, saa tisa alasiri, jua likiwaka na wanafunzi wakipiga ngoma na masufuria hatua chache kutoka kichwani mwangu. Sasa nimepona. Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye ndugu anayesinzia huku ameshika kijiko, halafu akaambiwa ni uvivu, au ni mapepo, au ni kipaji. Mimi niliambiwa yote matatu, na hilo la tatu ndilo lililokaribia kuniua.

Naitwa Blaise. Naishi na mama yangu na dada yangu Nadège katika komuni ya Tshopo, karibu na bwawa la umeme, mahali ambapo sauti ya maji husikika mchana na usiku mpaka mtu anaisahau. Wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu chuoni na nilicheza mchezo ambao watoto wa mtaani wanauita mpira wa yai. Ni ule mpira wa Kimarekani, wa kubeba kwa mkono na kuangushana. Kocha Bosco aliujulia masomoni ng'ambo akarudi nao, na helmeti kuukuu zikafuata baadaye kwenye magunia. Ndani ya helmeti yangu, namba thelathini na moja, mtu fulani alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu nzito. Sikuwahi kumjua. Kila nilipoivaa nilisikia harufu ya nywele zisizo zangu.

Vyuo vinne vya mjini vilikuwa na timu. Kila timu ilikutana na nyingine mara mbili, kisha mbili za juu zikacheza fainali. Mimi nilikuwa beki wa mwisho, yule anayesimama nyuma ya wote na kusoma wapinzani wanataka kupita wapi. Héritier alikuwa kapteni na mrushaji wetu. Tulisoma pamoja tangu sekondari, tukala pondu, majani ya muhogo, sahani moja, na mama yangu alimwita mwanangu mbele za watu.

Nguzo za goli tulizikata wenyewe, mimi na Héritier. Ilikuwa kiangazi cha mwaka uliotangulia. Tulipanda mtumbwi, tukaingia mto Lindi, tukakaa siku tatu msituni tukitafuta mianzi mirefu iliyonyooka. Nzi wakubwa wa kahawia walituuma mgongoni na shingoni, hata juu ya shati. Tulikuwa tukipigana makofi kuwaua na kuchekana. Tulirudi na mianzi minne mizuri, na watu wakatusifu.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Homa ilikuja ikaondoka. Kichwa kiliuma. Nikatibiwa palu, yaani malaria, mara mbili, kama kila mtu hapa kwetu. Ngozi iliwasha mpaka nikajikuna kwa kitana. Halafu msimu ulipoanza, mvua za Machi zikiwa zimeshika, katika mechi ya kwanza nilisimama mahali pangu, nikaona mshambuliaji anakuja, nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amekwisha kunipita na watu wanashangilia. Tulipigwa vibaya. Kocha aliniambia nikae benchi mpaka nijifunze kulala nyumbani.

Basi mechi ya pili nilikaa benchi, na usingizi wa pono ukanishika kabla ya nusu saa. Wenzangu wanasema nilizungumza. Nilisema, "Kumi na nne. Kushoto." Mara namba kumi na nne wa upande ule akachukua mpira akakimbia kushoto. Wakacheka. Baadaye nikasema, "Watarusha mbali." Wakarusha mbali. Kufikia mwisho hakuna aliyekuwa anacheka, na Héritier alikuwa amepiga goti mbele yangu, sikio lake likiwa karibu na mdomo wangu.

Lazima nieleze desturi, la sivyo msomaji wa mbali atatuona wendawazimu. Timu zetu hulala pamoja siku moja kabla ya mechi, ili mwenye nia mbaya asimfikie mchezaji mmoja mmoja. Asubuhi, kabla ya uji, kila mmoja husimulia ndoto yake. Ukiota maji machafu, hupangwi. Ukiota marehemu anakupa kitu, unakwenda kuombewa. Wazee wetu wa mpira wa miguu walifanya hivyo, nasi tuliwafuata. Kwa hiyo mtu aliyeota mchana kweupe, wazi, mbele ya timu nzima, hakuwa mgonjwa machoni petu. Alikuwa zawadi.

"Bon, Blaise, uliota nini?" Hilo likawa swali la Héritier kila Jumamosi. Walinitandikia mkeka. Walinifunikia mwavuli. Mchezaji mmoja aliyeumia goti alipewa kazi mbili: kunifukuzia inzi na kusikiliza maneno yangu. Tukashinda mechi ya pili, ya tatu, ya nne.

Mnaniuliza niliyajuaje? Sijui. Labda nilikuwa nimewasoma wapinzani kabla sijaanza kuugua, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Lakini ile timu ya tatu ilikuwa na wachezaji wapya, na sikuwahi kuwaona hata siku moja. Hilo bado linanisisimua mwili. Na nitasema ukweli: nilipenda. Nilikuwa nimefukuzwa uwanjani kwa aibu, na sasa watu wazima walinyamaza nikifungua mdomo. Mtu huweza kuupenda ugonjwa wake ukimpa cheo.

Ndoto zenyewe hazikuwa nzuri. Niliona uwanja wetu wenye ukungu wa asubuhi, na helmeti zikikimbia peke yake kwenye urefu wa vichwa vya watu, bila watu chini yake. Hazikuwa na sauti. Zilijipanga, zikasimama, zikakimbia, nami nikazisoma namba zake. Kila wiki nilizihesabu, na katika mechi ya tano nikaona moja imeongezeka. Ilikuwa thelathini na moja. Ilikimbia na zile nyingine vizuri sana, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Hiyo sikumwambia Héritier.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nilikuwa nalala mchana na kukodoa macho usiku, nikizunguka ndani kama mlinzi. Nilibaki mifupa na ngozi. Miguu ilikokota vumbi, mikono ilitetemeka mpaka Nadège akawa ananinyoa ndevu. Siku moja alinikata kidogo, nikampiga kofi. Sikuwahi kumpiga dada yangu maishani. Nikaanza kulia, kisha nikacheka, na nilipomtazama nikaona ananiogopa. Mara nyingine mama alinipa lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, akaenda kuteka maji, akarudi akanikuta nimelala nimeketi, tonge la ndizi bado liko shavuni. Alilitoa kwa kidole, taratibu, kama alivyofanya nilipokuwa mchanga.

Alinipeleka kituo cha afya mara tatu. Ninachokumbuka ni benchi. Benchi la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu, ukuta wenye rangi ya kijani, mama mmoja anayepepea mtoto kwa daftari la kliniki. Mara ya kwanza nililala, jina langu likaitwa, mama alikuwa nje ananinunulia maji, zamu yetu ikapita. Mara ya pili walipima damu. "Palu hakuna," muuguzi alisema. "Huyu papa anachoka na masomo. Apumuzike." Mara ya tatu alicheka aliponiona nimelala tena. Simlaumu sana. Kila mtu husinzia kwenye lile benchi.

Tonton Alphonse, mdogo wake mama, alikuwa na maelezo yake. Aliketi sebuleni akanyoosha kidole kwangu kana kwamba sisikii.

"Dada, fungua macho. Ile timu inamukula. Kila mara wanashinda, yeye anapunguka. Wanashinda, anapunguka. Walimuuzisha!"

"Nani alimuuzisha?" mama akauliza.

"Ule unamuita mutoto wako. Kapteni."

Alitaka nipelekwe kwenye chumba cha maombi, nifunge siku saba bila chakula mpaka mapepo yatoke. Siku saba bila chakula, na hali ile, nisingetoka. Mama alilijua hilo. Lakini timu ilinichukua kila Ijumaa, tonton alidai Jumatatu inayofuata fainali aje anichukue, na kituo cha afya kilikuwa kimesema mimi si mgonjwa. Mama alibaki peke yake katikati, na mimi, niliyekuwa ninagombewa, nilikuwa nimelala.

Alikwenda kwa Héritier. Nadège alikuwepo akanisimulia baadaye.

"Mutoto wangu iko anaisha, Héritier. Unirudishie."

Héritier hakuweza kumtazama, akaomba asubiri mpaka baada ya mechi. "Mama, inabakia match moja tu. Finale. Kisha match, siye wote tunamupeleka hospitali kubwa. Parole, naapa."

"Na kama haitafika kisha match?"

Nadège anasema aliinama akaanza kufunga kamba za viatu.

Fainali tulipangiwa na wanafunzi wa udaktari. Habari zangu zilikuwa zimeenea mji mzima. Waendesha toleka, wale wa baiskeli za abiria, walimsimulia kila mteja kuhusu mtu wa Tshopo anayecheza akiwa amelala. Umati ulikuwa mkubwa kuliko siku zote. Mama alikuja na Nadège, akasimama nyuma ya mkeka wangu, hakuketi. Nami nilikuwa macho kwa dakika chache, zile dakika za uwazi ambazo ugonjwa ule hukupa ghafla na kukunyang'anya, ndiyo maana hili nalikumbuka mwenyewe.

Wapinzani walikataa kuingia uwanjani. Kapteni wao, kijana mrefu aitwaye Radjabu, alivuka mstari akamwendea kocha wetu.

"Ule mutu wenu wa kulala atoke. Ao tumutafute kisi, mwili muzima."

Kisi ni hirizi, dawa ya kushindia. Kutafutana kisi si jambo geni. Hata kwenye mpira wa miguu hupekuana soksi. Kocha Bosco alikasirika, mwamuzi akasema bila upekuzi hakuna mechi, basi wakakubaliana. Radjabu apekue mwenyewe, mbele ya watu wote.

Alipiga magoti mbele yangu. Alinuka jasho na sabuni. Alianza kwenye soksi, akapanda mifukoni, akaangalia kiuno kama kuna kamba. Hakuona kitu. Akasema, "Inama, kaka," nikainamisha kichwa, na akapitisha mkono nyuma ya shingo yangu kutafuta uzi wa hirizi.

Mkono ukasimama.

Sikuelewa. Vidole vyake vilibonyeza mahali pamoja, vikasogea kidogo, vikabonyeza pengine. Vilikuwa vinahesabu vivimbe, tezi zilizovimba chini ya ngozi. Niliuona uso wake karibu kabisa na wangu, ukibadilika kutoka uso wa mpinzani ukawa wa mtu mwingine. Aliuliza polepole, "Unalala muchana? Usiku hapana?" Nikaitikia. "Kichwa? Kujikuna? Ulifika kwenye mto, kwenye msitu?" Mama ndiye aliyejibu yote, haraka haraka, kana kwamba amengojea miezi aulizwe.

Radjabu akasimama. "Coach, huyu haina kisi. Huyu iko mugonjwa. Ni ugonjwa wa malale. Bakimuacha, anakufa."

Kocha akatazama saa yake. Akasema lile neno ambalo hata leo sijalisamehe kikamilifu. "Sawa. Kisha match tunamupeleka."

Nilimtazama Héritier. Alikuwa ameshika mpira kifuani kwa mikono miwili. Nilingoja. Alitazama nguzo tulizozikata pamoja, akatazama umati, akasema kwa sauti ndogo, "Ni saa mbili tu, Blaise."

"Hapana," Radjabu akasema. "Sasa."

Akaivua helmeti yake akaiweka kwenye nyasi. Alikuwa kapteni, hiyo ilikuwa fainali, nasi tulikuwa maadui zake. Aliita mwenye pikipiki, akanipakia katikati, mama nyuma yangu amenikumbatia kiuno nisianguke, yeye akapanda toleka nyuma yetu na nguo zake za mchezo. Nyuma yangu nikasikia filimbi. Mechi ilikuwa imeanza bila sisi wawili.

Sitasema mengi kuhusu dawa, wapo wanaozijua. Nitasema kuhusu sindano ya mgongo, kwa kuwa wengi huikimbia. Unakunjwa kama mtoto tumboni, mtu anakushika magoti, unaambiwa usicheze. Aliyenishika alikuwa Radjabu. Inauma, halafu inaisha. Majibu yalikuwa kwamba ugonjwa umekwisha kuingia kichwani, na kwamba nimewahi kwa bahati tu. Daktari alimwambia mama kuwa zile siku saba za kufunga zingenimaliza. Mama aliketi sakafuni.

Dripu siku saba, vidonge siku kumi. Huo ndio ukawa msimu wangu. Siku ya kwanza na ya pili sizikumbuki. Ya tatu nilitapika kila kitu. Ya nne mama aligombana na Tonton Alphonse mlangoni, akamwambia arudi na chakula au asirudi kabisa. Ya tano tonton akarudi na sufuria ya samaki, akanipangusa miguu. Kitanda cha jirani alilala mzee mvuvi wa Ubundu aliyekuwa na ugonjwa huohuo. Yeye alichelewa kuliko mimi. Alikuwa akivuta wavu usiokuwepo, mchana kutwa, mkono juu ya mkono, na asubuhi ya sita kitanda chake kilikuwa kimetandikwa.

Lakini usiku ule wa kuamkia siku ya sita nilikuwa nimelala. Nililala giza likiwa giza, nikaamka mwanga ukiwa mwanga. Nje jogoo anawika, mtu anafagia. Ndoto hazikuwepo. Nililia sana, mama akadhani naumwa.

Héritier alikuja siku ya tisa. Alisimama mlangoni na helmeti yangu mkononi, namba thelathini na moja. Walikuwa wamepigwa katika fainali, tena kipigo cha aibu.

"Uliota nini?" aliuliza. Nadhani alikosa neno lingine.

"Sikuota kitu."

Akakaa ukingoni mwa kitanda akalia kwa kwikwi. Sikumshika bega. Nilikuwa na hasira, na bado nilikuwa mdhaifu mno kuificha. Wiki ile timu ya wapimaji ilikuja chuoni kupima damu za wote waliokuwa karibu nami. Walijipanga, hata kocha. Nilisikia baadaye kwamba Héritier hakutokea. Alisema ana mtihani. Ukweli ni kwamba aliona aibu kusimama kwenye mstari ule huku watu wanamnong'ona kama mtu aliyemuuza rafiki yake.

Mwili ulirudi kwa hatua zake. Msimu wa mbinzo, wale viwavi wa msituni, niliweza kula sahani nzima peke yangu, na Nadège akaniruhusu kujinyoa. Mgongo ulichomwa tena kila baada ya miezi sita, kila mara ile hofu ya benchi, kila mara jibu safi. Mkono wa kushoto bado unatetemeka, kwa hiyo sichezi. Kocha aliniomba radhi mbele ya timu na akaniuliza nataka kazi gani. Nikamwambia.

Kazi yangu ni hii. Kabla ya mechi, wachezaji wanajipanga, wanavua helmeti, wanainama, nami napitisha mkono nyuma ya kila shingo. Wapinzani wanaamini ni kisi chetu kipya, na timu moja imekwisha kuanza kutuiga bila kujua inatafuta nini. Nawacheka, lakini siwakatazi. Waige tu.

Héritier alikuwa akiikwepa zamu yake. Mara anafunga viatu, mara ameitwa na mwamuzi. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana, basi. Jumamosi iliyopita, fainali tena, umati umejaa, nilimkuta ameketi peke yake kwenye mkeka, helmeti mapajani, kichwa kimeinama. Nilidhani anasali. Nilipokaribia nikaona mdomo wake unacheza, na macho yamefumba.

Nilipiga magoti mbele yake. Nikapitisha mkono nyuma ya shingo, mahali palepale ambapo nzi wa Lindi walituuma sote wawili siku tuliyokuwa tunachekana.

Mkono wangu, ule unaotetemeka, ukasimama.

Alifumbua macho, akanitazama, akaelewa. Nyuma yetu mwamuzi alikuwa ameshika filimbi mdomoni na kocha anamwita kapteni wake.

"Kisha match?" Héritier akauliza, kwa sauti ya mtoto.

Niliichukua helmeti mapajani mwake nikaiweka kwenye nyasi.

"Hapana, ndugu yangu," nikamwambia. "Sasa."